Agizo Lisiloingilika: Dibaga, Hatua Moja Moja na Mtihani wa Istilahi

Utangulizi

Neno atomu lilisafiri mbali kabla ya kufika katika Kiswahili. Wayunani wa kale walilitumia kwa maana ya kitu kisichoweza kukatwa. Wanafizikia wa karne ya 20 waliikata atomu yenyewe lakini wakalibakiza jina, na tangu hapo msikilizaji wa kawaida akitajiwa atomu huwaza bomu, mionzi na Hiroshima. Wataalamu wa tarakilishi, kwa upande wao, waliirudia maana ya Wayunani: kwao, kitendo cha atomu ni kile ambacho hakikatwi katikati. Mwanafunzi wa Kiswahili anayepewa kazi ya kutafsiri mwongozo wa prosesa hulikuta neno hili mapema, na aghalabu huwa na majibu mawili. Ama atalitohoa na kuandika "agizo la atomu", amwache msomaji akijiuliza mionzi imetoka wapi. Ama atalifasiri na kuandika "agizo lisilogawika". Jibu la pili linalishinda la kwanza kwa mbali. Hata hivyo, makala haya yanadai kuwa nalo halitoshi, na kwamba upungufu wake hauonekani katika kurasa za kamusi bali katika utendakazi wa chombo kimoja ambacho kazi yake yote ni kugawa, yaani dibaga.

Dibaga ni programu inayotumiwa kuchunguza programu nyingine ili kusaka hitilafu. Huisimamisha programu inayochunguzwa, humwonyesha mtunzi yaliyomo katika rejista na katika kumbukumbu, kisha humruhusu atekeleze agizo moja tu, atazame kilichobadilika, halafu atekeleze jingine. Mwendo huo ndio unaoitwa hapa hatua moja moja. Mifano itakayotolewa inahusu GDB, dibaga ya mradi wa GNU ambayo Richard Stallman alianza kuitunga mwaka 1986 na ambayo bado inatumika katika vyuo na viwanda vingi. Swali linaloongoza uchunguzi huu ni rahisi kuliuliza: chombo cha kugawa kinapokutana na kitu kilichosemwa kuwa hakigawiki, hutokea nini?

Haja ya kuzuia uingiliaji

Ichukuliwe maktaba ndogo ya idara yenye daftari moja la kuhesabia vitabu vinavyorejeshwa. Makarani wawili wanalitumia. Wa kwanza anasoma na kuona 40. Kabla hajaandika, wa pili naye anasoma 40. Wa kwanza anajumlisha moja na kuandika 41. Wa pili, akiikumbuka ile 40 yake, naye anaandika 41. Vitabu viwili vimerudi, daftari linasema kimoja, na hakuna karani aliyekosea hesabu. Kosa limo katika mwanya uliokuwepo baina ya kusoma na kuandika.

Ndani ya tarakilishi yenye prosesa zaidi ya moja, au yenye programu iliyogawanywa katika nyuzi kadhaa za utekelezaji zinazokwenda sambamba, mwanya huo hujitokeza mara nyingi mno. Waundaji wa prosesa wameuziba kwa njia mbili kuu, na tofauti baina ya njia hizo ndiyo kiini cha mjadala wote unaofuata.

Njia ya kwanza ni ya kufunga mlango. Prosesa za ukoo wa x86, ulioanzia katika 8086 ya Intel ya mwaka 1978, zina kiambishi kiitwacho LOCK, ambacho ni baiti moja yenye thamani F0 inayowekwa mbele ya baadhi ya maagizo. (Mwanaisimu atafurahi kusikia kuwa hata lugha ya mashine ina viambishi awali.) Agizo la kujumlisha likitanguliwa na LOCK, kusoma, kujumlisha na kuandika hufanyika kama tendo moja, na prosesa nyingine haipati nafasi ya kuigusa sehemu ile ya kumbukumbu mpaka tendo likamilike.

Njia ya pili haifungi mlango wowote. Ilipendekezwa mwaka 1987 na Jensen, Hagensen na Broughton wa maabara ya Lawrence Livermore nchini Marekani, kisha ikaenea katika prosesa za MIPS, Alpha, PowerPC, ARM na hatimaye RISC-V. Hapa kazi hugawanywa makusudi katika maagizo mawili. La kwanza ni kusoma kwa uangalizi: prosesa inasoma thamani iliyo katika anwani fulani na papo hapo inaweka alama ya kujikumbusha kuwa inaiangalia anwani hiyo. La pili ni kuandika kwa sharti: uandishi utafanikiwa tu iwapo alama ingali ipo. Ikiwa mwingine ameiandikia anwani ile, alama imefutika, uandishi unakataliwa, na programu hurudi mwanzo kujaribu upya. Alama hiyo ni kama leso iliyoachwa juu ya kiti katika ukumbi uliojaa. Leso haimzuii mtu yeyote kukaa. Inamwezesha tu mwenyewe, akirudi, kujua kama kuna aliyepita hapo.

Hatua moja ndani ya x86

Katika prosesa za x86, hatua moja moja hutegemea rejista ya bendera. Biti ya nane ya rejista hiyo, kuhesabu kukianzia sufuri, ni bendera ya mtego. Ikisimamishwa, prosesa hutekeleza agizo moja kisha hujikatiza yenyewe kwa katizo namba 1. Mfumo endeshi, mathalani Linux, hupokea katizo hilo na kuiarifu dibaga, nayo dibaga humwarifu mtu aliyeketi mbele ya skrini.

Jambo la kuzingatia ni mahali ambapo katizo hutokea. Halitokei ndani ya agizo; hutokea baada yake. Kwa hiyo agizo lenye kiambishi LOCK ama halijaanza ama limekwisha, na dibaga haina dirisha la kuchungulia katikati. Haihitaji ujanja wowote kulivuka. Hapa istilahi "lisilogawika" inaonekana kufaa kabisa, na mtafsiri angeweza kufunga daftari lake na kwenda zake, lau x86 ingekuwa ndiyo prosesa pekee duniani na lau maagizo yake yote yangekuwa na tabia hiyo.

Hayana. Liko agizo la kunakili mfululizo wa baiti, MOVS, ambalo likipewa kiambishi cha kurudia, REP, linaweza kunakili maelfu ya baiti. Katika maandishi ya programu ni agizo moja. Hata hivyo, bendera ya mtego ikiwa juu, prosesa husimama baada ya kila mzunguko wa marudio, na mtumiaji wa dibaga hujikuta akipiga hatua baada ya hatua huku akiwa amesimama palepale. Agizo ni moja, lakini lina milango kila baada ya mzunguko, na uzi mwingine unaweza kuibadilisha kumbukumbu ileile wakati kunakili kukiendelea. Hivyo basi, kuwa agizo moja si sawa na kutoingilika.

Kinyume chake pia kipo. Agizo linalobadilisha rejista ya SS, inayotambulisha eneo la bunda la programu, huahirisha mtego mpaka agizo linalolifuata likamilike. Sababu yake ni ya kale: rejista ya SS na ile inayoonyesha kilele cha bunda lazima zibadilike pamoja, vinginevyo katizo litakaloangukia katikati litakuta bunda lisilo na maana. Kwa sababu hiyo, mtumiaji akiomba hatua moja hapo hupewa mbili. Uahirishaji huu ulionekana kuwa jambo dogo mpaka mwezi Mei 2018, ilipotangazwa hitilafu ya usalama iliyopewa namba CVE-2018-8897. Mifumo endeshi kadhaa mikubwa ilikutwa ikilishughulikia vibaya katizo lililoahirishwa kwa namna hii. Maelezo ya kituo cha CERT yalilitaja chimbuko la kosa kuwa, kwa kadiri ilivyoonekana, namna watunzi walivyozifasiri nyaraka zilizokuwepo kuhusu maagizo hayo. Wale wanaodhani kuwa usahihi wa maelezo ni pambo linalowahusu walimu wa lugha pekee watafakari tukio hilo.

Leso isiyodumu

Matatizo makubwa zaidi yako katika njia ya pili. Huu hapa ni mfuatano wa PowerPC unaoongeza moja katika hesabu iliyomo kwenye kumbukumbu:

anza: lwarx 5,0,3
addi 5,5,1
stwcx. 5,0,3
bne anza

Mstari wa kwanza unasoma kwa uangalizi thamani iliyo katika anwani inayotajwa na rejista ya 3 na kuiweka katika rejista ya 5. Wa pili unaongeza moja. Wa tatu unaandika kwa sharti; nukta iliyo mwishoni mwa jina lake ni sehemu ya jina. Wa nne unauliza iwapo uandishi umekataliwa, na kama ndivyo, unarudi kwenye anza.

Programu ikienda kwa kasi yake ya kawaida, mistari hii minne hukamilika kwa kufumba na kufumbua. Mara chache katizo la saa au la kifaa fulani huangukia katikati, alama inapotea, uandishi unakataliwa, na mzunguko wa pili unafaulu. Mfumo ulibuniwa uvumilie hasara ya namna hiyo.

Sasa aje mtu na dibaga, aende hatua moja moja. Baada ya lwarx, prosesa inakatizwa. Kiini cha mfumo endeshi kinaingia kazini, kinasoma na kuandika mahali pengi, kinaikabidhi zamu dibaga, nayo dibaga inafanya yake mpaka mtumiaji abonyeze tena. Ile leso haiwezi kubaki kitini baada ya pilikapilika zote hizo. Tena haikuachwa ipotee kwa bahati: katika MIPS, na katika ARM ya biti 64, agizo lenyewe la kurudi kutoka kwenye katizo hufuta alama; na katika PowerPC kiini cha Linux hutekeleza stwcx. ya bure wakati wa kutoka ili kuhakikisha kuwa alama haibaki. Wabunifu walikuwa na sababu njema. Alama iliyowekwa na programu moja ikiokotwa na programu nyingine, uandishi usiostahili ungeweza kufaulu, na makarani wetu wawili wangerudi kwenye balaa lao la 41.

Matokeo yake kwa mtumiaji wa dibaga ni ya kuchosha akili. Anapiga hatua ya pili, ya tatu, ya nne, stwcx. inakataliwa, bne inamrudisha kwenye anza. Anarudia. Inakataliwa tena. Anaweza kubonyeza mpaka jua lichwe, na mzunguko hautaisha, ilhali programu hiyohiyo ikiachwa bila kutazamwa huupita mara moja. Hatari hapa si kupotea kwa wakati pekee. Mtunzi mchanga anayesaka sababu ya programu yake kukwama atauona mzunguko usiokwisha na kuamini kuwa amekipata alichokuwa akikisaka, kumbe anachokitazama kimezalishwa na kutazama kwake. Wanaprogramu wana jina la utani kwa hitilafu zinazobadilika zikichunguzwa, jina lililotokana na la mwanafizikia Mjerumani Werner Heisenberg. Ila katika hali hii programu haina hitilafu yoyote mpaka inapochunguzwa.

Ufumbuzi wa GDB

Watunzi wa GDB walilitatua jambo hili kwa kuifundisha dibaga kusoma mbele. Mtumiaji akiomba hatua moja, dibaga kwanza hulitazama agizo linalofuata. Kama si la kusoma kwa uangalizi, hatua hupigwa kama kawaida. Kama ni lwarx au nduguye, dibaga husoma maagizo yanayofuata, yasiyozidi 16, ikitafuta mwenzi wake, yaani agizo la kuandika kwa sharti. Isipompata, hurudi kwenye utaratibu wa kawaida. Ikimpata, huweka kituo cha kusimama mara tu baada ya mwenzi huyo, na kuiachia programu iende kwa kasi yake mpaka hapo. Ndani ya mfuatano mnaweza kuwa na tawi la sharti linaloruka nje, mathalani pale ambapo kufuli imekutwa imeshashikwa na hakuna haja ya kuandika; kwa hiyo kituo cha pili huwekwa huko tawi linakoelekea, ili programu isitoroke. Katika utunzi wa awali wa mbinu hii, tawi la sharti la pili ndani ya mfuatano lilitosha kuifanya dibaga isalimu amri na kurudi kwenye hatua za kawaida.

Kikomo cha maagizo 16 ni makadirio ya kiutendaji, lakini si ya kubahatisha tu. Mifuatano hii hutungwa ikiwa mifupi kwa sababu mfuatano mrefu huongeza uwezekano wa kuingiliwa. Kanuni za RISC-V zimelisema hili waziwazi: zinaahidi kuwa mzunguko wa aina hii utafaulu hatimaye, kwa masharti kadhaa, mojawapo likiwa kwamba maagizo yake yasizidi 16 na yawe yamepangwa mfululizo katika kumbukumbu.

Mtumiaji ameomba hatua moja, naye amepewa mistari mitatu. Je, dibaga imemdanganya? La. Imekiri kuwa kipimo chake cha hatua hakikuwa sahihi hapo. Mwanaisimu anaijua hali hii vyema. Neno "hatutawaambia" linaweza kuchanganuliwa katika mofimu ha-tu-ta-wa-ambi-a, na kila mofimu ikapewa maana yake. Kwa hiyo linagawika. Lakini hakuna Mswahili awezaye kupenyeza neno jingine baina ya "hatuta-" na "-waambia". Kwa upande mwingine, kirai "mtu mrefu" kinakubali kupenyezwa neno, kikawa "mtu yule mrefu". Kutokubali upenyezaji ni mojawapo ya vigezo ambavyo wanaisimu hutumia kulitambua neno, na kigezo hicho hakidai kuwa neno halina sehemu. GDB, ilipoamua kuuvuka mfuatano mzima kwa hatua moja, ilikuwa ikitumia kigezo hichohicho: iliacha kuhesabu mofimu, ikahesabu neno.

Mbinu hii ina mipaka. Mtumiaji mwenyewe akiweka kituo chake katikati ya mfuatano, tuseme juu ya ile addi, programu itasimama pale kila mzunguko, alama itapotea kila mara, na uandishi hautafaulu kamwe. Dibaga haina namna ya kumwokoa, kwa kuwa ndivyo alivyoagiza. Afadhali kituo kiwekwe kabla ya lwarx au baada ya bne. Isitoshe, kuuvuka mfuatano hakusimamishi nyuzi nyingine: katika mipangilio ya kawaida GDB huziachia ziendelee wakati uzi mmoja ukipiga hatua, hivyo hesabu inayoonekana baada ya hatua huenda ikawa imezidi kwa zaidi ya moja bila ya kosa lolote.

Prosesa zenyewe nazo zimebadilika. Toleo la 8.1 la usanifu wa ARM liliongeza maagizo yanayofanya kazi yote kwa mpigo mmoja, kama vile CAS, SWP na LDADD, yanayofanana kitabia na yale ya LOCK. Tangu toleo la 10 la kikusanyaji cha GCC, la mwaka 2020, programu za ARM ya biti 64 kwenye Linux huweza kutungwa kwa namna ya kuchagua zenyewe wakati wa utekelezaji: prosesa ikiwa na maagizo mapya, yatumike, ikiwa haina, utumike mfuatano wa zamani. Wanafunzi wawili wanaweza basi kuichunguza programu ileile moja, mmoja akavuka agizo moja kwenye tarakilishi yake na mwenzake akakuta mfuatano kwenye yake.

Kuirudia istilahi

Ushahidi uliotolewa unaiweka "lisilogawika" mahali pagumu. REP MOVS ni agizo moja na linaingiliwa. Mfuatano wa lwarx na stwcx. ni maagizo kadhaa, kila moja likitenganika na jirani yake, na bado hupewa sifa ya atomu. Ikiwa kutogawika ndiyo maana, sifa hiyo ingepaswa kuondolewa hapo ilipo na kupewa pasipostahili.

Wengine wangependekeza "lisilokatizika". Pendekezo hili ni jema ila lina ila: mfuatano wa PowerPC hukatizika bila shida, na ndiyo maana ukawekewa njia ya kurudi mwanzo. Kisichowezekana ni mwingine kuingia baina ya kusoma na kuandika, kisha uandishi ule ukahesabiwa kuwa halali. Mlango ukifungwa, haingii. Leso ikiwekwa, akiingia kazi inaanza upya. Kwa hivyo makala haya yanapendekeza kitenzi kuingilika, na istilahi "-siyoingilika". Inabeba njia zote mbili, haimkumbushi mtu bomu, na inamtaja yule anayeogopwa, yaani mwingiliaji, ambaye neno la Kiyunani halimtaji kabisa.

Huenda ikasemwa kuwa istilahi ya kimataifa ina faida ya kufahamika popote. Faida hiyo ni ya kweli kwa msomaji aliyekwisha kuifahamu dhana kwa Kiingereza. Mwanafunzi anayeijifunza kwa mara ya kwanza hana pa kuanzia. Tena upatanisho wa kisarufi unaleta msaada ambao Kiingereza hakina. Kivumishi cha Kiingereza hakibadiliki, liwe agizo moja au maagizo manne, na mkanganyiko mwingi wa wanaoanza unatokana na hapo. Katika Kiswahili, atakayeandika kuhusu LOCK ataandika "agizo lisiloingilika", na atakayeandika kuhusu lwarx hadi stwcx. hatakuwa na budi kuandika "mfuatano usioingilika". Msomaji wa mwongozo, kabla hajaiwasha dibaga yake, atakuwa ameonywa na kiambishi cha ngeli kuwa hapo mbele hatua moja itapita juu ya mistari kadhaa.